Krimu za Steroidi Nyumbani Mwetu: Mmoja Alizidisha, Mwingine Akanyimwa

Ukiingia kemisti nyingi za hapa Nairobi ukasema ngozi inawasha, utatoka na tyubu ya gramu 15 ambayo ndani yake mna steroidi, dawa ya kuzima uvimbe na kuwashwa. Muuzaji hatalitaja neno hilo. Atakuambia ni "ya kuwashwa", au "tatu kwa moja", au "ile ya ngozi", nawe utaibeba nyumbani kama mtu aliyenunua mafuta ya kawaida. Kwetu Umoja tyubu hiyo ilikaa kwenye kikapu kimoja na vichana na vaseline, na kila aliyepita pale aliitumia alivyoona.

Dawa yenyewe ni nzuri. Hilo naliweka mbele kwa sababu wengi wakisikia yaliyompata mdogo wangu wanataka kutupa kila kitu, na sisi tulipofanya hivyo aliyeumia ni mtoto. Steroidi za kupaka si kitu cha jana. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Marion Sulzberger na Victor Witten, walionyesha kwamba haidrokotisoni, mojawapo ya steroidi hizo, ikipakwa juu ya ngozi inatuliza ukurutu, yaani ekzema, na zaidi ya miaka 70 baadaye bado krimu za jamii hiyo ndizo daktari huandika kwanza mtu anapofika na ekzema. Kinachoamua kama itakusaidia au itakuharibu ni nguvu ya ile uliyopewa, sehemu ya mwili unayoipaka, na muda unaoipaka. Sisi hatukuambiwa hata moja kati ya hayo.

Binti yangu Imani alianza kuwashwa kabla hajatimiza mwaka. Yalianza mashavu, kisha ikashuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwenye ngozi nyeusi kama yake ukurutu haung'ai wekundu kama zile picha za mitandaoni. Unakuwa wa kijivujivu au kahawia iliyokolea, na ukipitisha kidole unahisi mkwaruzo kabla jicho halijaona kitu. Shosho wake alisema ni maji ya chumvi ya kisima, yale tunayoletewa na maboza mifereji ikikauka. Jirani akasema ni mayai. Mwingine akasema ni baridi ya Julai. Nikaacha kumpa mayai, nikawa namwogesha kwa maji ya kununua ya mitungi ya lita 20, pesa ikaenda, na mtoto akaendelea kujikuna. Baadaye ndipo nilielezwa kwamba watoto wengi wenye ukurutu wamezaliwa na ngozi isiyoshika unyevu vizuri. Maji yanatoka upesi, na kila kinachokera kinapata njia ya kuingia. Kumkatia mtoto chakula bila daktari kuthibitisha kwamba kweli ana mzio nacho ni kumpunguzia lishe bure.

Ndipo nikaenda kemisti. Dada aliyekuwa akiuza alimtazama Imani mara moja juu ya kaunta, akavuta droo. "Hii ni tatu kwa moja, mama. Inaua kuvu, inaua bakteria, inatoa kuwashwa. Paka asubuhi na jioni." Karibu shilingi 150. Hakuuliza umri wa mtoto, hakuuliza nitapaka wapi, wala hakusema lini niache. Kwa siku chache ngozi ikalainika, Imani akalala usiku mzima, nami nikamshukuru yule dada kimoyomoyo. Nilipoacha kupaka, ukurutu ukarudi. Nikapaka tena. Ikawa ndiyo mazoea ya nyumba, tyubu ikiisha naongeza nyingine pamoja na maziwa na mkate.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa anaishi nasi, amepata kazi kwenye duka la simu mjini. Alikuwa na madoa meusi mashavuni yaliyoachwa na chunusi, na yalikuwa yakimkosesha raha. Alipoona mtoto amelainika vile, akachukua kidogo akajipaka usoni kabla ya kulala. Asubuhi tofauti ilionekana kweli. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, kwa hivyo chunusi hutulia na uso ukaonekana umetakata. Ikiendelea kupakwa hupunguza na rangi ya ngozi. Wauzaji wa krimu za kung'arisha wanalijua jambo hilo, na ndiyo maana steroidi huchanganywa kwenye krimu hizo kimyakimya.

Tyubu ya nyumbani haikumtosha. Akanunua nyingine mjini, kwenye vibanda vya vipodozi upande wa River Road, na muuzaji akamwongezea kikopo cha krimu kisicho na lebo: "Hii inamaliza madoa, sistee, utanishukuru." Ile tyubu ilikuwa ya klobetasoli, steroidi kali sana. Kikopo hakikuandikwa chochote. Hapa Kenya zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, lakini kikopo kisicho na maandishi hakikuambii kimebeba nini, na hakuna atakayejibu kikikuunguza.

Kwa miezi kadhaa alisifiwa. Kisha dalili zikaanza kuja mojamoja, na kila moja tuliipatia maelezo. Nywele laini zikaota mashavuni, tukasema ni homoni. Vipele vidogo vikajipanga kuzunguka mdomo na pembeni mwa pua, vikaacha ukanda mwembamba safi ukingoni mwa midomo, tukalaumu dawa ya meno. Ngozi ikawa nyembamba, inang'aa, na ukimsogelea karibu na dirisha uliona vijimishipa vyekundu vimetawanyika juu ya mashavu. Akikaa upande wa jua kwenye matatu, anashuka uso ukimwaka. Akilala bila kupaka, anaamka amevimba. Akipaka, anatulia. Kwa hivyo akapaka zaidi, mpaka juu ya kope.

Ningependa kila mtu ajue habari ya kope na uso. Ngozi ya mwili haina unene mmoja, na haifyonzi dawa sawa. Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1960 vilionyesha kwamba paji la uso hupitisha haidrokotisoni karibu mara 6 ya inavyopitishwa na ngozi ya kigasha, na ngozi ya korodani zaidi ya mara 40. Kope, kwapa, kinena, chini ya matiti, na makalio ya mtoto aliyefungwa nepi ni sehemu za namna hiyo, nyembamba au zilizofunikwa. Dawa ambayo ingekaa salama kwenye goti la fundi wa mjengo inaweza kuchosha uso kwa wiki chache. Na ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho, ambayo huweza kuleta glaukoma, au kuleta mtoto wa jicho.

Siku moja akaona video za watu walioungua na krimu hizo. Akaogopa, akatupa zote kwenye pipa la takataka jioni ileile. Baada ya siku chache uso wake ulilipuka. Ulivimba hadi macho yakawa mistari, ukatoa majimaji, ukachubuka maganda kwenye mto. Maumivu yake hayakuwa ya kuwashwa. Alisema ni moto, moto hasa, na usiku alilala na kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya mashavu. Aliomba ruhusa kazini, kisha ruhusa ikawa nyingi mno, na mshahara ukakatwa. Alifunga pazia mchana. Wageni wakija alikuwa anaingia chumbani na kukaa huko mpaka watoke. Tuligombana pia, kwa sababu mimi nilimwambia ni kiburi cha kutaka weupe, na hilo halikuwa kweli. Alitaka madoa yaondoke. Kama una mtu nyumbani aliyefika hapo, maneno kama yale yanamfanya afiche tyubu inayofuata.

Hofu ile ndiyo iliyomfikia Imani. Nikaitafuta tyubu yake nikaitupa pia, nikaapa kwamba steroidi haitaingia tena mlangoni kwangu. Wiki zilizofuata akawa anapakwa vaseline na mafuta ya nazi peke yake. Alijikuna mpaka shuka zikawa na alama za damu. Tulimvalisha soksi mikononi usiku, akazivua kwa meno. Kisha nyuma ya goti la kushoto pakaanza kutoa majimaji, pakaganda ukoko wa rangi ya asali, na homa ikapanda.

Tulimpeleka hospitali ya umma, na bahati yetu ikawa kwamba zamu ile alikuwepo afisa wa kliniki aliyesomea magonjwa ya ngozi Moshi, Tanzania, kwenye kile kituo cha mafunzo kilichoko hospitali ya KCMC ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Alimkagua mtoto akiwa ameketi mapajani pangu, akabonyeza ukoko kwa upole, kisha akaniuliza, "Mama Imani, nani alikuambia uache dawa?"

Nikamweleza habari ya mdogo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ukurutu usiotibiwa nao unaumiza mtoto: hakui vizuri kwa kukosa usingizi, ngozi inakuwa nene na nyeusi pale anapokuna, na bakteria wanaingia kama walivyoingia pale gotini. Akaandika kwanza dawa ya bakteria ya kunywa. Kisha akageuza karatasi, akachora ngazi ya vidato vinne, na karatasi ile ninayo mpaka leo.

Kidato cha chini kabisa aliandika haidrokotisoni ya asilimia 1. Juu yake klobetasoni ya asilimia 0.05. Cha tatu, betamethasoni valereti ya asilimia 0.1 na mometasoni ya asilimia 0.1. Cha juu kabisa, klobetasoli ya asilimia 0.05. Mimi nafanya kazi ya hesabu kwenye ghala la Industrial Area, namba ndizo ninazozishika mchana kutwa, na bado nilishangaa. Kwa macho ya kawaida 1 ni kubwa kuliko 0.05, kwa hivyo mtu ataona klobetasoli ndiyo dhaifu. Asilimia hizo hazilinganishwi kati ya dawa na dawa. Makadirio yanayotajwa sana yanasema zile za kidato cha juu zinaweza kufikia nguvu mara 600 ya haidrokotisoni, na zile za kidato cha tatu mara 100 hadi 150. Na angalia tena majina: klobetasoni na klobetasoli, herufi moja tu, wakati moja iko kidato cha pili na nyingine iko kileleni. Kwenye tyubu yataandikwa "clobetasone" na "clobetasol", kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara. Tumia tochi ya simu ukishindwa kuyasoma, lakini yasome.

Uingereza, mamlaka yao ya dawa ilitangaza mwaka 2024 kwamba tyubu hizi ziandikwe wazi nguvu yake. Tyubu nilizozishika mimi kwenye kemisti za mtaani hazina maandishi hayo, kwa hivyo mzigo wa kujua unabaki kwa mnunuzi.

Kisha akanifundisha kupima. Alikamua krimu juu ya kidole chake cha shahada, mstari mmoja kutoka ncha ya kidole hadi mkunjo wa kwanza, akaninyooshea nione. Huo mstari, ambao ndio kidole kimoja cha dawa, ukitoka kwenye mdomo wa kawaida wa tyubu, ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kipimo hicho kilielezwa na madaktari wa Cardiff mwaka 1991 na ndicho kinachotumika kote. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, mkono mzima pamoja na kiganja unahitaji kidole kimoja na nusu, mguu mzima vidole viwili, uso na shingo kimoja na nusu. Kidole ni cha mtu mzima, si cha mtoto. Mikunjo ya viwiko peke yake haikuhitaji hata kidole kimoja.

Hapo hesabu ikaniingia. Tyubu ya gramu 15 ina vidole 30. Kama mtoto anapakwa kidole kimoja kwa siku na tyubu inaisha kwa wiki, kuna mtu mwingine anaichovya au inapakwa mahali pengi kuliko inavyopaswa. Na ikiwa tyubu ileile inadumu mwaka mzima huku mtoto akijikuna kila usiku, basi unampaka kidogo mno kwa woga, ugonjwa unaendelea kuwaka chini kwa chini, na mwisho wake utatumia dawa nyingi zaidi.

Imani aliandikiwa haidrokotisoni kwa ajili ya mashavu na ile ya kidato cha pili kwa ajili ya mikunjo. Mara moja kwa siku, jioni baada ya kuoga. Nikauliza kwa nini si mara mbili, akasema kwa ukurutu wengi mara moja inatosha. Niliambiwa nipake mpaka ngozi iwe laini kwa kuigusa, si kwa kuiangalia, kwa sababu alama nyeusi hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kutulia, na mama anayesubiri alama ziishe ndipo aache atapaka miezi. Nilipewa na ukomo: ikifika wiki mbili bila nafuu, nirudi, nisiongeze nguvu mwenyewe.

Alama nyeupe zilipotokea kwenye mashavu ya Imani, shosho alisema dawa imemchubua. Nilirudi kliniki nikiwa na wasiwasi uleule. Mara nyingi mabaka hayo yanaachwa na ukurutu wenyewe, na rangi hurudi polepole kwa miezi. Yake yalirudi.

Kazi kubwa kuliko steroidi ilikuwa ni ya mafuta. Vaseline ya kawaida isiyo na manukato, kopo kubwa, kupaka mara tatu au nne kwa siku hata ngozi ikiwa nzuri. Kuoga kwa maji ya uvuguvugu, dakika chache, bila sabuni yenye harufu, kisha kumkausha kwa kugusagusa taulo na kumpaka ngozi ikiwa bado na unyevu. Steroidi na mafuta haziendi pamoja kwa mara moja. Acha kama nusu saa kati yake, ama sivyo mafuta yanaichukua dawa na kuitandaza mahali ambapo hukuikusudia. Jambo jingine ambalo watu hawalisemi: nguo na mablanketi yaliyolowa mafuta haya kwa siku nyingi hushika moto upesi. Kwa sisi tunaopika chumba kimoja na tunacholala, jiko la makaa au meko ya gesi yakae mbali na mtoto aliyepakwa, na matandiko yafuliwe mara kwa mara.

Ukurutu uliporudi na kurudi kwenye sehemu zilezile, daktari alibadilisha mpango. Badala ya kungoja uwake, tunapaka Jumamosi na Jumapili tu, kwenye ile mikunjo ya kawaida hata ikiwa safi, na siku nyingine ni mafuta peke yake. Hili si la kujipangia nyumbani. Nalieleza ili mwenye mtoto anayesumbuka ajue lipo na aliulize.

Mdogo wangu safari yake ilikuwa ndefu na ya gharama. Afisa yule alimwandikia barua aende kwa daktari bingwa wa ngozi. Foleni ya umma ilikuwa ya miezi, na uso haukuweza kungoja, kwa hivyo tukachanga tukaenda kwa wa binafsi: zaidi ya shilingi 3,000 kumwona tu, kabla ya dawa wala vipimo. Bima haikugusa hata senti. Alimwambia alete kila kitu alichowahi kujipaka, na mdogo wangu alikuwa ameokoa kile kikopo kutoka kwenye takataka. Ilisaidia sana. Daktari alipojua kwamba ni klobetasoli iliyopakwa usoni kwa miezi, alimpima presha na sukari, akaagiza na kipimo cha damu cha asubuhi. Steroidi kali zikipakwa kwa wingi na kwa muda mrefu huingia kwenye damu, na tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza steroidi za mwili wenyewe, hulala kwa kuona kazi inafanywa na mwingine. Ukikata ghafla, hazijaamka. Yeye damu yake ilikuwa sawa, kwa kuwa alipaka uso pekee, lakini wanaopaka mwili mzima krimu za kung'arisha wako kwenye hatari hiyo hasa. Klobetasoli, hata mikononi mwa daktari, haizidi gramu 50 kwa wiki wala wiki mbili mfululizo kwa mtu mzima.

Alishushwa ngazi: kitu dhaifu kwa muda mfupi, kisha hakuna kabisa. Vipele vya kuzunguka mdomo vilitibiwa kwa vidonge vya doksisaiklini, dawa ya bakteria. Baadaye akapewa marhamu ya takrolimasi, ambayo si steroidi na haipunguzi unene wa ngozi. Inaunguza kidogo siku za mwanzo na bei yake ilitutoa jasho. Akaambiwa asiweke kitu kingine usoni ila vaseline na krimu ya kuzuia jua. Hakuna maski za ndimu, hakuna "seramu" za kwenye vikundi vya WhatsApp.

Haikuwa safari ya kupanda tu. Kulikuwa na wiki ambazo uso ulitulia akafungua pazia, na wiki ambazo ulirudi kuwaka bila sababu yoyote tuliyoiona, na katika wiki hizo ndipo alipotamani zaidi kurudia ile tyubu kwa sababu alijua ndani ya saa chache ingemtuliza. Alinipa simu yake nimfutie namba ya yule muuzaji. Ilichukua sehemu kubwa ya mwaka. Ngozi imenenepa tena kiasi, vipele vimekwisha, baadhi ya vijimishipa vimebaki. Angekuwa amepaka mapajani au kwapani, ngozi ingeweza kupata michirizi ya kubaki maisha.

Kwenye ploti yetu kuna kijana wa shule aliyepata choa shingoni, viduara vile vyenye ukingo ulioinuka. Mama yake alimpaka tatu kwa moja kwa sababu imeandikwa inaua kuvu. Kuwashwa kukaisha, ukingo ukafifia, na choa kikatambaa chini ya shati mpaka kikafika kifuani, sasa hakifanani tena na choa. Steroidi ilikuwa imelaza kinga ya ngozi, na kuvu wakapata nafasi. Hata mhudumu wa kwanza aliyemwona alikosea akadhani ni ukurutu. Choa kinahitaji dawa ya kuvu tupu, na kikiwa kichwani mwa mtoto, krimu haitoshi. Ni dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Ninaposikia "tatu kwa moja" siku hizi nauliza: ni ipi kati ya hizo tatu mgonjwa anaihitaji?

Siku hizi nikienda kemisti nachagua yenye leseni ya Bodi ya Famasi na Sumu ukutani, na naomba kuzungumza na mfamasia mwenyewe. Naonyesha picha ya ngozi kwenye simu, nauliza dawa iko kidato gani, kama inafaa usoni, na niache lini. Asiyeweza kunijibu hayo namshukuru na kutoka. Juu ya kila tyubu naandika kwa kalamu ya wino jina la mwenyewe, sehemu ya mwili na tarehe niliyoifungua, na haikai tena kwenye kile kikapu.

Kama wewe unaposoma hapa umekuwa ukipaka kitu kikali usoni au mwili mzima kwa miezi, usikitupe usiku wa leo kama alivyofanya mdogo wangu. Piga picha tyubu mbele na nyuma, weka kwenye mfuko kila kopo ulilonalo pamoja na yale yasiyo na lebo, na upate mtu aliyesomea ngozi: kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ipo kwa wenye barua kutoka kituo cha chini, na kwenye hospitali za kaunti uliza kama kuna afisa wa kliniki wa ngozi. Sema ukweli wote kuhusu ulichopaka, hata kama ni cha kung'arisha. Wanaokuuliza wameshaona mengi. Na kama umeshaacha ghafla ukaanza kuishiwa nguvu, kusikia kizunguzungu ukisimama, kutapika au kuumwa tumbo, hiyo si ya kungoja kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukifika mlangoni waambie ulikuwa unatumia steroidi.